Wasio na Makao Katika Mji Wetu: Ni Nani wa Kuhesabiwa, na Sababu Yake ni Nini?

Amma baad. Liko swali ambalo huulizwa mara nyingi katika vikao, na kwa kulisikia mara ya kwanza laonekana kuwa jepesi: Je, katika mji wetu wako watu wangapi wasio na makao? Mmoja hujibu kuwa si wengi, ni wale tu tuwaonao wamejilaza juu ya mabaraza ya maduka. Mwengine hujibu kuwa ni maelfu kwa maelfu, wala hawahesabiki. Na wa tatu husema kuwa swali lenyewe halina faida, kwani wahesabiwe wasihesabiwe, mwenye kulala nje atalala nje vile vile, na lililo juu yetu ni kutoa sadaka na kunyamaza.

Twaonelea kuwa majawabu yote matatu yana upungufu, na upungufu huo si wa hesabu tu bali ni wa akhlaki. Mtu hawezi kusema ni wangapi mpaka kwanza aseme ni nani. Na akishasema ni nani, basi amekwisha kusema nusu ya sababu, ajue asijue. Anayewahesabu waliolala njiani peke yao ataona kuwa kosa ni lao. Anayewahesabu pia waliojificha, na walio karibu ya kuanguka, ataona kuwa sababu iko katika kodi zetu, na ardhi zetu, na mirathi zetu. Hayo ndiyo tutakayo kuyabainisha hapa, na twamwomba msomaji afuatane nasi kwa subira.

MAKAO NI NINI?

Tuanze na neno lenyewe. Maskani, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mahali pa kutulia. Na wanazuoni wa lugha hiyo wamelirudisha neno maskini katika mzizi huo huo, kwa maana ya mtu ambaye ufukara umemfanya akatulia, hana nguvu za kwenda huku wala huku. Basi mmoja ametulia kwa kuwa ana pake, na mwengine ametulia kwa kuwa hana pa kwenda. Na katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu ameitaja nyumba miongoni mwa neema zake, akaitaja kwa utulivu uliomo ndani yake.

Tukiifuata maana hii, paa peke yake si makao. Jela ina paa. Hospitali ina paa, na kitanda, na chakula, wala hapana asemaye kuwa mgonjwa amehamia huko. Makao ni mahali ambapo mtu hukaa kwa haki yake, akafunga mlango wake, akaweka kitu chake na kesho akakikuta, wala hapana wa kumwuliza: utaondoka lini? Mpangaji aliyelipa kodi ana makao, ijapokuwa nyumba si yake. Mtoto kwa babake ana makao, ijapokuwa halipi kitu. Lakini mwanamke aliyeachwa, akarudi kwa ndugu yake na watoto watatu, wakalala ukumbini, na kila jioni akamsikia wifi yake akihesabu vibaba vya unga vilivyokwisha, huyo ana paa juu ya kichwa chake. Je, ana makao?

Kwa hivyo twaweza kuwapanga watu hawa katika daraja nne. Ya kwanza ni asiye na paa kabisa: alalaye barazani, sokoni, ufuoni, au katika kituo cha mabasi. Ya pili ni aliye chini ya paa la msaada, kama nyumba za kulelea watoto au kambi za waliokimbia fitina na mafuriko. Ya tatu ni akaaye kwa hisani ya jamaa au rafiki, na hisani yaweza kwisha leo. Ya nne ni mwenye nyumba au kibanda chake mwenyewe, lakini udongo ulio chini si wake, na siku mwenye udongo akitaka, hubaki na mbao na mabati tu.

Si haki kuzichanganya daraja hizi nne zikawa nambari moja. Akisema mtu kuwa nusu ya mji haina makao kwa kumhesabu kila mwenye wasiwasi wa kodi, hapana atakayeamka kwa kelele hiyo, na yule aliyelala juu ya sakafu tupu atapotea katikati ya wengi. Na si haki vile vile kuiandika daraja ya kwanza peke yake, kisha tukadhani tumemaliza. Uadilifu ni kuiandika kila daraja katika safu yake.

Nchi nyingine zimekwisha kulifikiri jambo hili. Huko Finland hesabu hufanywa kila mwaka mwezi wa Novemba, na mtu anayelala kwa jamaa au rafiki kwa sababu hana pake huandikwa kuwa ni asiye na makao. Na hao ndio walio wengi katika hesabu yao. Kwetu mtu huyo huyo huitwa mgeni, au huitwa jamaa, na hesabu haimgusi. Hatusemi kuwa desturi yetu ya kupokeana ni mbaya. Ni katika sifa bora za watu wa pwani, na lau si hiyo mabaraza yetu yangelijaa zaidi. Lakini sifa isifanywe pazia. Ndugu mwenye chumba kimoja na watoto watano, akimpokea dada yake na wanawe watatu, amefanya wema mkubwa, na wema wake umeuficha msiba, haukuuondoa.

NAMBARI MBILI ZA NCHI MOJA

Mwaka 2018 ilifanywa nchini Kenya hesabu ya watu na jamaa waishio mitaani. Zikapatikana roho 46,639. Nairobi ilikuwa ya kwanza kwa watu 15,337, na Mombasa ikafuata kwa watu 7,529. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ikafanywa hesabu kuu ya watu wote wa nchi, na walioandikwa kuwa wamelala nje wakawa 20,101.

Mwenye kuzitazama nambari hizi kwa haraka atasema kuwa katika muda wa mwaka mmoja zaidi ya nusu ya watu wa mitaani walipata nyumba. Haikuwa hivyo. Ukijumlisha Nairobi na Mombasa peke yake katika hesabu ya kwanza utapata watu 22,866, nao ni wengi kuliko waliopatikana nchi nzima katika hesabu ya pili. Tafauti hii yaelezwa na swali lililoulizwa. Hesabu ya kwanza iliwakusudia watu ambao maisha yao na chumo lao liko mitaani. Ya pili iliuliza: nani amelala nje usiku huu? Mtoto ashindaye barabarani siku nzima, kisha usiku akaingia katika kibanda cha watu, yumo katika maana ya kwanza na hayumo katika ya pili. Wala hapana haja ya kusema kuwa mojawapo ni uwongo. Kila moja yaweza kuwa jawabu sahihi ya swali lake, na kosa ni la yule atwaaye jawabu ya swali moja akaibandika juu ya swali jengine.

Tukitwaa nambari ya Mombasa ya mwaka 2018, tukaiweka kando ya watu 1,208,333 waliohesabiwa katika kaunti hiyo mwaka 2019, twapata kiasi cha mtu 1 katika kila watu 160. Maana yake, katika mtaa wa watu 1,600 ni watu kumi. Kumi si bahari isiyovukika. Ni watu wanaoweza kujulikana kwa majina yao, na kwa asili zao, na kwa yaliyowafika. Hii ndiyo faida ya kwanza ya kuhesabu: humwondolea mwenye uwezo udhuru wa kusema kuwa jambo ni kubwa mno.

Lakini yafaa pia tujue ni nani asiyeonekana katika hesabu za njiani. Wanawake hujificha, kwa kuwa mwanamke alalaye njiani yuko katika hatari usiku na katika fedheha mchana. Hivyo huhama kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, au hustahimili mume mwenye kumpiga kwa kuchelea baraza. Kijana mwenye kuogopa askari hukimbia aonapo mtu mwenye kalamu na karatasi. Mzee mwenye haya husema kuwa ana nyumba kwao bara, amechelewa gari tu. Basi hesabu ya waliolala nje ni kiwango cha chini cha msiba, wala tusiifanye kuwa ndio mwisho wake.

USIKU MMOJA NA MWAKA MZIMA

Liko kosa jengine la hesabu ambalo hutuharibia hukumu zetu juu ya watu, nalo ni kuutazama usiku mmoja na kudhani tumeuona mwaka. Tupige mfano. Liko baraza la watu kumi. Watu watano hulala hapo mwaka mzima bila ya kubadilika. Nafasi tano zilizobaki hukaliwa kila mwezi na watu wapya: huja aliyefukuzwa kwa kodi, akalala mwezi mmoja, akapata kibarua, akaondoka, na mahali pake akaja mwengine.

Mwenye kupita usiku wowote atahesabu watu kumi, na nusu yao ni wale wa daima. Atasema: nusu ya hawa wameshazoea, hawataki nyumba. Lakini mwenye kuandika mwaka mzima atapata wale watano, na pamoja nao watu watano mara miezi kumi na miwili, yaani sitini. Jumla ni watu 65, na wa daima ni mmoja tu katika kila kumi na watatu. Baraza ni lile lile, na hukumu zimekuwa mbili zenye kupingana.

Hili si la kubuni tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1994 juu ya mji wa New York ulionyesha kuwa katika muda wa miaka mitano zaidi ya watu 3 katika kila watu 100 wa mji ule walipata kulala katika nyumba za msaada za wasio na makao; na waliokuwamo usiku mmoja hawakukaribia idadi hiyo. Yaani wengi huanguka na kuinuka, na wachache hukaa chini. Macho yetu huwazoea wale wachache, kwa kuwa hao ndio tuwaonao kila siku. Tukachukua sifa zao, kama vile ulevi au wazimu, tukawavika wote.

MIKEKA SITA NA WATU WANANE

Hapa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mtu akiulizwa kwa nini fulani analala nje, hujibu kwa kutaja aibu ya fulani: ni mlevi, ni mvivu, ametumia unga wa kulevya, amegombana na babake. Na huenda aliyoyasema ni kweli. Katika miji ya pwani wako vijana ambao watu huwaita mateja, na hapana shaka kuwa unga umewatoa wengi majumbani mwao.

Lakini fikirini chumba chenye mikeka sita, na watu wanane wenye kutaka kulala. Wawili watalala sakafuni. Ukiuliza ni kwa nini wawili hawa na si wengine, utaambiwa: huyu alichelewa kuja, na yule ni mgonjwa hakuweza kugombea. Ni kweli. Lakini ukiuliza ni kwa nini wako watu wawili sakafuni, jawabu ni moja tu, kuwa mikeka ni sita. Lau mgonjwa angelipona na mchelevu angeliwahi, wangelilala wao juu ya mikeka na wengine wawili wangelilala chini. Aibu za watu hueleza ni nani ataanguka. Upungufu wa mikeka hueleza ni wangapi wataanguka. Maswali haya ni mawili, na mwenye kulijibu la kwanza akadhani kuwa amelijibu la pili amejidanganya nafsi yake, na mara nyingi amejidanganya kwa sababu jawabu hiyo yampumzisha.

Kwa ajili hiyo, mwenye kutaka kuujua msiba huu kwa ukweli hatosheki kuwahesabu watu. Atahesabu na vyumba. Ataandika kodi ya chumba kimoja katika mtaa wake ni kiasi gani, na kibarua wa mtaa huo hupata nini kwa siku. Ataandika ni nyumba ngapi zimefungwa makufuli kwa sababu warithi hawasikizani, au kwa sababu mwenyewe yuko mbali na hana haja ya kupangisha. Tukiwahesabu watu na tusivihesabu vyumba, hatutaona ila aibu za watu.

SABABU ZILIZO KWETU

Katika kutaja sababu yafaa tutenge mambo matatu ambayo huchanganywa: linalomsukuma mtu, linalotakiwa limshike asianguke, na linalomzuia kurudi.

Katika yanayosukuma, la kwanza pwani ni ardhi. Mwambao wa maili kumi ulipokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya himaya ya Mwingereza, ilitolewa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na karatasi na mashahidi wakapata. Wengi waliolima kwa haki ya ukoo, khasa Wamijikenda, hawakupata hati, wakawa maskwota juu ya ardhi yenye makaburi ya wazee wao. Wala si siri kuwa miongoni mwa waliopata hati walikuwamo Waislamu wa mijini. Na mwenye kutaka haki huitaja hata inapokuwa juu ya jamaa zake. Mambo ya wakati ule hayakwisha kwa uhuru wa mwaka 1963. Shamba moja la ekari 930 huko Likoni lilikaliwa miaka mingi na watu wasio na hati, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipotoa hati kwa wakaaji.

Na kutokana na hayo imezaliwa ile desturi ya nyumba bila ya ardhi, ambayo mgeni akielezwa huona ajabu. Mtu amejenga nyumba ya vyumba sita, amezaa humo, amezeeka humo, na kila mwezi humlipa mwenye kiwanja kodi ya udongo. Kiwanja kikiuzwa kwa tajiri atakaye kujenga ghorofa, mzee huyu huambiwa avunje. Katika hesabu zote za nchi alikuwa ni mwenye nyumba. Kwa siku moja amekuwa ni mwenye rundo la mawe na boriti.

La pili ni kuwa chumo la kibarua huja kwa siku na kodi hutakiwa kwa mwezi. Homa ya wiki moja yatosha kuleta deni la mwezi, na deni la miezi miwili yatosha kuleta kufuli mlangoni. La tatu ni misukosuko ya nchi: fitina za Likoni za mwaka 1997, na zile zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, ziliwatoa watu kwa maelfu katika majumba yao, na ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo, ulimaliza mifugo ya bara na kuwaleta wenyewe mijini.

Ama linalotakiwa limshike mtu, kwetu ni jamaa na ni sharia. Tutaje mawili tu. Mwanamke aliyeachwa talaka ya rejea, sharia imempa haki ya kukaa katika nyumba ile mpaka eda yake ishe, na katika Suratut-Talaq waume wamekatazwa kuwatoa. Leo ni wangapi wanaotolewa usiku ule ule, na vyombo vyao vikawekwa njiani? Hakimu akilijua hilo, na imamu akalisema, miezi mitatu ile yatosha kwa wengi kupata pa kwenda. Na la pili ni mirathi. Nyumba ya marehemu ina warithi kumi na wawili, haigawiki, na kila mmoja ataka fungu lake, ambalo ni haki yake. Nyumba huuzwa, na yule binti asiyeolewa aliyemuuguza mzee wake miaka kumi hupewa fungu lisilotosha kodi ya mwaka. Sharia haikumdhulumu, waliodhulumu ni wenye uwezo ambao wangaliweza kusubiri, au kumpangisha kwa bei ya huruma, au kuyatoa mafungu yao wakfu kwa ajili yake, wakaona taabu.

Ama linalomzuia mtu kurudi, ni mambo madogo yenye nguvu kubwa. Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza na amana juu yake. Hutaka kitambulisho, na aliyelala njiani kitambulisho chake kimekwisha kuibiwa. Hutaka mtu wa kumdhamini. Na watu humwambia: acha ulevi kwanza, upate kazi kwanza, kisha tutakutafutia chumba, na mtu ataachaje ulevi juu ya baraza, na atakwendaje kazini asubuhi hali hakulala wala hakuoga? Finland tulioitaja iliugeuza mpango huu tangu mwaka 2008: humpa mtu nyumba kwanza, kisha ikamsaidia katika ulevi wake na ugonjwa wake. Wasio na makao walikuwa kiasi cha 8,000, na mwaka 2022 walikuwa chini ya 4,000. Nchi ile ina mali kuliko yetu, wala hatusemi tuigize kila kitu; lakini hoja ya kutanguliza makao haihitaji utajiri kuifahamu.

JE, KUHESABU NI KUFICHUA AIBU?

Huenda mtu akasema: Maskini aliyejistahi akajificha, kumwandika ni kumvunjia sitara yake. Hoja hii ina uzito, na twaikubali nusu yake. Qur'ani yenyewe imewataja mafakiri wasioomba, ambao asiyewajua huwadhani kuwa ni matajiri. Lakini imewataja katika mahali pa kuamrisha wapewe. Na vipi atapewa asiyejulikana? Sitara ni kutomtangaza, si kutomjua. Tabibu huijua aibu ya mgonjwa na hapana asemaye kuwa amemfedhehi, maadamu haitoi nje.

Tena hili si jambo geni katika historia yetu. Katika msikiti wa Mtume wa Madina palikuwa na mahali penye kivuli palipoitwa Suffa, na hapo walikaa masahaba wasio na nyumba wala jamaa, miongoni mwao Abu Hurayra. Hawakuwa kundi lisilojulikana. Walijulikana kwa majina, na masahaba wenye uwezo walikuwa wakiwachukua kwenda kula nao. Na Sayyidna Umar alipoweka diwani, kiasi cha mwaka wa 20 wa Hijra, aliwaandika watu ili kila mmoja afikiwe na haki yake.

Nusu nyengine ya hoja tusiipuuze. Iko hesabu iliyofanywa kwa nia mbaya. Sheria ya uzururaji tuliyoirithi katika ukoloni, ambayo iliwafanya wasio na makao kuwa ni wahalifu, ilikaa katika vitabu vya Kenya mpaka ikafutwa mwaka 1997; na hata baada ya kufutwa, watu wa mitaani wamekuwa wakizolewa kwa magari kila mji unapongojea wageni wakubwa. Basi kabla ya kuhesabu lazima iulizwe: nambari hii itatumiwa kwa nini, na daftari litakaa kwa nani? Hesabu isiyokuwa na nia ya kutenda ni upelelezi, na maskini ana haki ya kuikimbia.

LITUPASALO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imetaja makao yanayofaa kuwa ni haki ya kila mtu, na Serikali yapasa kudaiwa haki hiyo bila ya kuchoka. Lakini kudai kwa Serikali hakuondoi lililo juu yetu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomwa katika darasa zetu za pwani, amehesabu miongoni mwa faradhi za kifaya kuwaondolea watu dhara, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya umma havikutosheleza. Na faradhi ya kifaya, ikiwa hapana aliyeitekeleza, dhambi ni ya wote wenye uwezo. Nasi twasema: jambo ambalo faradhi haitimii ila kwa hilo, hilo nalo huwa faradhi. Hatuwezi kuondoa dhara tusiyoijua, basi kuijua ni juu yetu.

Twapendekeza mambo manne yasiyohitaji mali nyingi. Kwanza, kila mtaa uwe na watu watatu waaminifu, na mmoja wao awe mwanamke, kwani wanawake hawatamwambia mwanamume yaliyowafika. Waandike kwa zile daraja nne, mara moja kila miezi mitatu, na daftari lisitoke mikononi mwao. Linalotoka ni jumla tu, bila ya majina. Pili, wasiulize "una tatizo gani?" bali waulize matatu: mahali pa mwisho ulipokaa kwa haki yako ni wapi? Ni nini kilichokutoa? Na ni kitu gani ambacho lau kingelikuwapo usingelitoka? Tatu, waandike vyumba na kodi na nyumba zilizofungwa, kama tulivyoeleza. Nne, sehemu ya zaka, badala ya kutawanywa kwa sarafu mlangoni mwa msikiti katika Ramadhani, ikusanywe kwa kulipa malimbikizo ya kodi ya wale wanaokaribia kutolewa. Mwenye deni ni katika wanane waliotajwa kuwa wastahiki wa zaka, na mwenye deni la kodi asiye na cha kulipa hayuko mbali na hao. Shilingi zile zile ambazo zikigawanywa kwa watu mia haziachi alama, zikilipa miezi miwili ya mtu mmoja huwaweka watoto wake chini ya paa.

Na wenye mali wakitaka kuweka wakfu, tuwaombe wafikiri. Misikiti tunayo, alhamdulillahi, na katika mitaa mingine iko karibu karibu mpaka adhana zao hugongana. Nyumba moja ya vyumba kumi iliyowekwa wakfu kwa wajane na watalaka, kwa kodi wanayoiweza, ni ibada yenye kuendelea kila usiku mmoja wao anapofunga mlango wake akalala.

Msomaji asingoje ijengwe nyumba hiyo wala itolewe sheria. Mtaa wake anaujua. Na aanze kwa kuuliza, kwa upole na kwa siri, ni nani katika watu wake anayelala mahali ambapo kesho ataulizwa: utaondoka lini?

Wabillahi tawfiq.